Binadamu Yuko Wapi Pichani? Uhusiano wa Mtu na Maumbile katika Picha za Sanaa za Nick Brandt

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi picha za kamera zinazopigwa kwa makusudi ya kisanaa zinavyousawiri uhusiano wa binadamu na maumbile. Mfano mkuu ni kazi za mpiga picha Mwingereza, Nick Brandt, ambazo sehemu kubwa ilipigwa Afrika Mashariki, hasa katika eneo la Amboseli. Tunadai kwamba kazi hizo zina mwendo unaoweza kufuatwa hatua kwa hatua: zinaanza bila mtu, mtu anaingia akiwa ameshika mabaki ya mnyama, kisha mtu na mnyama wanawekwa katika fremu moja. Tunaonyesha pia kuwa Kiswahili, kwa ngeli zake na msamiati wake, kina nyenzo za kutosha za kuhakiki sanaa hii. Kwa ajili ya ulinganishi tunaitaja kazi ya Aïda Muluneh wa Ethiopia.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hufunzwa mapema kuhakiki matini. Hupewa shairi akatafuta nafsineni, au riwaya akaeleza mandhari, wahusika na dhamira. Hata hivyo, mwanafunzi huyohuyo akionyeshwa picha ya kamera husema tu kwamba "ni nzuri" au "si nzuri", kisha akaipita. Huenda sababu ni kwamba tumezoea kuichukulia picha kama ushahidi na si kama kauli. Picha ya kitambulisho, ya arusi au ya gazeti huthibitisha kwamba jambo fulani lilikuwepo, nasi huridhika na hilo.

Picha ya sanaa hudai zaidi. Mpigaji huteua mahali, saa, mwanga, umbali na kile kitakachoachwa nje ya fremu. Kila uteuzi wa namna hiyo ni sawa na uteuzi wa neno katika shairi. Kwa hiyo picha inaweza kuulizwa maswali yaleyale tunayoiuliza matini: nani anasema, anasema nini, kwa nani, na ni nani amenyamazishwa?

Swali la mwisho lina uzito wa pekee kwetu Wakenya. Nchi yetu imejulikana ulimwenguni kwa picha za wanyamapori kuliko kwa picha za watu wake. Kalenda, kadi za posta na matangazo ya utalii hurudia mandhari ileile: mti mmoja wa mgunga, ndovu mmoja, mlima Kilimanjaro kwa nyuma, na hakuna mtu. Je, picha hizo humfunza nini mtoto aliyezaliwa Kimana au Taveta, ambaye ndovu kwake ni jirani anayeweza kuvunja ua usiku na kula mahindi? Makala haya yamechochewa na swali hilo.

2.0 Dhana na Istilahi

Kabla ya kuziangalia picha zenyewe, yafaa tuyachunguze maneno tutakayoyatumia, kwa kuwa maneno hayo tayari yamebeba mtazamo fulani wa ulimwengu.

Kwanza, kuna istilahi za maumbile. Neno *maumbile* linatokana na kitenzi *umba*, na kwa hiyo linamjumuisha mtu, kwani naye ameumbwa. *Mazingira* linatokana na *zinga*, yaani kuzunguka. Neno hili humweka kiumbe katikati na vitu vingine kandokando yake. *Maliasili* huenda mbali zaidi, maana huiita misitu, maji na wanyama kuwa ni mali, na penye mali pana mwenye mali. Mtu anayesema "picha za maumbile" na yule anayesema "picha za maliasili" hawasemi jambo moja.

Pili, kuna ngeli. Katika sarufi ya Kiswahili, mtu na mnyama hukaa katika ngeli moja ya A-WA. Twasema "mtu amekunywa maji" na "ndovu amekunywa maji". Hatusemi "ndovu imekunywa". Upatanisho wa kisarufi umeviweka pamoja viumbe vinavyopumua na kutembea. Lakini msamiati unapinga udugu huo. Tendo jema huitwa *utu*, na tendo la ukatili huitwa *unyama*, hata kama limetendwa na mtu na hakuna mnyama yeyote awezaye kulitenda. Sarufi inaunganisha, nao msamiati unatenga. Mvutano huu tutauona tena katika picha.

Tatu, kuna kitenzi *piga*. Mtu hupiga picha na hupiga risasi. Mhakiki wa Marekani, Susan Sontag, katika kitabu chake *On Photography* cha mwaka 1977, aliilinganisha kamera na bunduki, akatoa mfano wa safari za Afrika Mashariki ambako watalii walikuwa wakiacha kuwinda kwa bunduki na kuanza kuwinda kwa kamera. Inasadifu kwamba mwaka huohuo wa 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Hapa lakini tujihadhari. Kitenzi *piga* hutumiwa kwa mengi: twapiga simu, pasi, hodi na magoti. Hatuwezi kudai kwamba Mswahili aliiona kamera kama silaha kwa sababu tu ya kitenzi hiki. Tunachoweza kusema ni kwamba lugha inaturuhusu tuuone ukaribu wa matendo hayo mawili, kisha tuuthibitishe au tuukanushe kwa kuzichunguza picha.

Tunaazima pia dhana mbili kutoka kwa Mfaransa Roland Barthes, katika kitabu chake kuhusu picha cha mwaka 1980. Barthes alitofautisha mambo ya jumla ambayo kila mwenye elimu ya kawaida huyatambua pichani, na jambo dogo linalomchoma mtazamaji mmoja bila yeye kutarajia. La kwanza tutaliita *maana ya jumla*, na la pili *mchomo*.

3.0 Picha Zisizo na Mtu

Brandt alikuwa mwelekezi wa video za muziki kabla ya kuwa mpiga picha. Mwaka 1995 alielekeza video ya wimbo "Earth Song" wa Michael Jackson, ambayo sehemu yake ilipigwa Tanzania, na hapo ndipo alipovutiwa na wanyama na nchi za Afrika Mashariki. Baadaye alitoa vitabu vitatu vya picha nyeusi na nyeupe: *On This Earth* (2005), *A Shadow Falls* (2009) na *Across the Ravaged Land* (2013). Mwanafunzi wa lugha atatambua kwamba majina hayo matatu, yakisomwa kwa mfululizo, ni sentensi moja inayosema kuwa juu ya dunia hii kivuli chaanguka katika nchi iliyoharibiwa. Kwa maneno mengine, vitabu vitatu ni tungo moja.

Kwa upande wa fani, jambo kubwa ni umbali. Wapiga picha wengi wa wanyamapori hutumia lenzi ndefu zinazomvuta mnyama kutoka mbali. Brandt aliziepuka. Alitumia kamera ya filamu, akamkaribia mnyama na kungoja, wakati mwingine kwa muda mrefu sana. Matokeo yake ni kwamba mnyama haonekani akikimbia wala akiwinda. Ametulia, na mbingu na ardhi zinaonekana pamoja naye, kama mtu aliyeketi ili apigwe picha studioni. Hii ni tashihisi inayofanywa kwa macho badala ya maneno. Ni kana kwamba mpigaji amekubaliana na sarufi ya Kiswahili kwamba ndovu ni wa ngeli ya A-WA.

Tuchukue mfano wa picha ya ndovu anayekunywa maji, iliyopigwa Amboseli mwaka 2007. Ndovu mkubwa ameinamisha kichwa, mkonga umefika majini, na pembe zake ndefu zinakaribia kugusa maji. Maana ya jumla ni amani na ukubwa wa kiumbe hiki. Mchomo huja mtazamaji anapoelezwa kwamba ndovu huyo, aliyeitwa Igor, aliuawa na majangili mwaka 2009. Picha haijabadilika hata kidogo, lakini mtazamaji amebadilika. Pembe alizozistaajabia dakika moja iliyopita sasa anaziona kama sababu ya kifo.

Mwaka 2010 Brandt alishirikiana na mhifadhi wa Kenya, Richard Bonham, kuanzisha shirika la Big Life Foundation, linaloajiri askari wa wanyamapori kutoka jamii za eneo la Amboseli. Eneo hilo lina umuhimu wake. Mbuga yenyewe ina ukubwa wa kilomita mraba 392 tu, na ndovu huitumia pamoja na ardhi kubwa ya jamii iliyoizunguka. Ndovu wa Amboseli, basi, huishi miongoni mwa watu. Hapo ndipo tunapoona pengo la vitabu viwili vya mwanzo: watu ambao ndovu huishi nao hawamo. Msomaji wa ng'ambo anaweza kufikiri kwamba nchi hii ni tupu.

4.0 Mtu Anaingia

Katika kitabu cha tatu mtu anatokea kwa mara ya kwanza. Picha maarufu zaidi, ya mwaka 2011, inamwonyesha askari wa wanyamapori akisimama wima, ameshika pembe mbili za ndovu aliyeuawa. Pembe hizo ni ndefu kumpita yeye. Mtazamaji wa picha za kikoloni atakumbuka mara moja picha za wawindaji waliojigamba mbele ya mizoga. Umbo ni lilelile: mtu, pembe na nyika. Maana ndiyo iliyogeuzwa. Askari huyu hajigambi. Ameshika pembe kama mtu aliyekabidhiwa mabaki ya marehemu. Katika fasihi tungesema kwamba msanii ameichukua kaida ya zamani akaipindua ili kuikejeli.

Hatua iliyofuata ni *Inherit the Dust* (2016). Brandt alichukua picha za wanyama alizokuwa hajazitoa, akazichapisha kwa ukubwa halisi wa mnyama mwenyewe, kisha akazisimamisha mahali ambapo wanyama kama hao walizunguka zamani lakini hawapo tena: jaani, machimbo ya mawe, viwandani, chini ya daraja la barabara kuu. Watu wanaendelea na shughuli zao. Wanachakura taka, wanavunja mawe, wanapita njia. Hakuna anayemtazama ndovu aliye kando yake.

Sitiari hapa ni wazi, nayo ni kali: mnyama amekuwa karatasi. Lakini tusiishie hapo. Ukiwatazama watu wenyewe, unaona kwamba nao hawakufaidika na ardhi iliyochukuliwa kutoka kwa mnyama. Anayechakura jaani si yeye aliyetupa taka zile. Kwa hiyo picha haziwagawi wahusika kuwa watu wabaya na wanyama wema. Wote wawili wamefukuzwa, mmoja na maendeleo na mwingine na umaskini.

Katika *This Empty World* (2019) Brandt aliingia katika rangi kwa mara ya kwanza. Picha zilipigwa katika ardhi ya jamii ya Wamaasai karibu na Amboseli. Utaratibu wake unafaa kuelezwa. Kwanza kulijengwa sehemu ndogo ya mandhari ya kuigiza, na kamera ikafungwa mahali pamoja ikingojea wanyama wazoee na kupita. Baada ya picha ya mnyama kupatikana, mandhari yote ilijengwa, mathalani kituo cha mafuta au daraja linaloendelea kujengwa. Kisha watu wakaletwa, kamera ikiwa palepale ilipokuwa. Picha ya mwisho ni muungano wa nyakati hizo mbili, ambazo pengine zimepishana kwa wiki kadhaa.

Mtazamaji huona ndovu amesimama katikati ya umati. Ukweli ni kwamba ndovu na watu wale hawakuwa pale kwa wakati mmoja. Je, huo ni uongo? Kwa picha ya gazeti, ndiyo. Kwa picha ya sanaa, jibu linategemea kama mbinu yenyewe ina maana. Hapa inayo: mtu na mnyama wanaishi mahali pamoja lakini hawaonani, na mbinu ya kuunganisha nyakati mbili inasema jambo hilohilo.

5.0 Fremu Moja, Pumzi Moja

Katika *The Day May Break* (2021), iliyopigwa Zimbabwe na Kenya mwishoni mwa mwaka 2020, utengano huo unaondolewa. Watu waliopigwa picha ni wale ambao maisha yao yameharibiwa na mabadiliko ya tabianchi: waliopoteza makao kwa tufani na mafuriko, na waliopoteza mifugo na mashamba kwa ukame. Wanyama nao ni waliookolewa na kutunzwa katika hifadhi, ambao hawawezi tena kurudishwa porini. Kwa kuwa wanyama hao wamezoea watu, iliwezekana mtu na mnyama wakae pamoja mbele ya kamera kwa wakati mmoja. Ukungu uliotengenezwa kwa mashine umewafunika wote.

Ukungu huo una maana zaidi ya moja. Unaweza kusomwa kama moshi wa misitu inayoungua, au kama ulimwengu unaofifia machoni petu. Kwa upande wa muundo, ukungu hufuta mandhari yote. Hakuna mlima, hakuna mgunga, hakuna kalenda ya utalii. Mtazamaji amebakiwa na viumbe wawili tu ambao hawezi kuwatenganisha. Hawatazamani wala hawagusani kwa nguvu. Wametulia, kila mmoja na mawazo yake, kama abiria wawili waliokosa gari moja.

Katika mfululizo huu yumo Najin, kifaru mweupe wa kaskazini anayetunzwa Ol Pejeta. Tangu Sudan, dume wa mwisho wa jamii hiyo, afe mwezi wa Machi mwaka 2018, waliobaki wanaojulikana ni Najin na bintiye Fatu pekee. Mtu aliyeketi karibu na Najin katika ukungu ameketi karibu na mwisho wa ukoo mzima.

Jambo jingine la kuzingatia ni anwani za picha. Katika nyingi, jina la mtu na jina la mnyama huandikwa bega kwa bega, bila cheo wala maelezo, na masimulizi ya watu hao huambatanishwa na picha. Hapa A-WA ya sarufi imepata mwenzake katika sanaa, na msamiati wa *utu* na *unyama* umekosa pa kusimama.

Mfululizo huo umeendelea nje ya Afrika. Sura ya pili ilipigwa Bolivia mwaka 2022, na ya tatu, *SINK / RISE*, ilipigwa chini ya maji ya bahari huko Fiji mwaka 2023, ikiwaonyesha watu wa visiwa ambavyo bahari inavitishia. Katika sura hii ya tatu mnyama hayumo tena. Binadamu mwenyewe ndiye kiumbe aliye hatarini.

6.0 Aliyeshika Kamera

Mhakiki hawezi kumaliza kazi bila kuuliza kuhusu nafsineni. Katika picha zote tulizozitaja, anayesema ni mgeni. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni pia huona kile alichokuja kukitafuta. Wenyeji katika picha za Brandt wana heshima na utulivu, lakini mara nyingi wameteuliwa kwa sababu ya hasara iliyowapata. Hatuwaoni wakicheka, wakichunga au wakibishana kuhusu mpaka wa hifadhi. Hatumwoni pia mkulima anayedai fidia kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama, jambo ambalo Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 ililitambua.

Ulinganishi na Aïda Muluneh unatusaidia. Muluneh, mpiga picha wa Ethiopia aliyeanzisha tamasha la Addis Foto Fest mwaka 2010, alitoa mfululizo uitwao *Water Life* mwaka 2018 kwa ombi la shirika la WaterAid. Alipiga picha zake Dallol, katika jangwa la Afar, mojawapo ya sehemu zenye joto kali zaidi duniani na iliyo chini ya usawa wa bahari. Wanawake waliopakwa rangi usoni, wakiwa na mavazi mekundu na ya buluu, wamesimama katika ardhi kame na vyombo vya maji.

Tofauti ni kubwa. Brandt anatumia mnyama kumwonyesha mtu. Muluneh anatumia maji. Kwa Brandt, maumbile ni kile tunachokipoteza. Kwa Muluneh, maumbile ni kazi ya kila siku inayomwangukia mwanamke, anayetembea mwendo mrefu kutafuta maji wakati wengine wako shuleni. Aidha, Muluneh anakataa kuuonyesha ukame kwa picha ya kuhuzunisha. Rangi zake ni za sherehe, na wanawake wake wanamtazama mtazamaji usoni bila kumwomba chochote. Hatusemi kwamba mwenyeji daima husema kweli na mgeni daima hukosea. Tunasema kwamba uhusiano wa mtu na maumbile hauwezi kukamilika katika fremu za upande mmoja.

7.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kazi za Brandt zimepita hatua tano: nchi isiyo na mtu, mtu aliyeshika mabaki, mnyama aliyegeuka karatasi, mtu na mnyama waliounganishwa kwa mbinu, na hatimaye mtu na mnyama waliokaa pamoja kweli. Ni mwendo wa kujisahihisha, na katika sanaa kujisahihisha ni jambo la kuheshimiwa. Tumeonyesha vilevile kwamba dhana tulizozizoea, kama vile nafsineni, sitiari, tashihisi na kejeli, zinatosha kuisoma sanaa hii kwa Kiswahili bila kusubiri ruhusa ya lugha nyingine.

Lililobaki ni letu. Wanafunzi wengi siku hizi wana simu zenye kamera, na wengi wametoka katika vijiji vinavyopakana na misitu, maziwa, bahari na hifadhi. Picha ya nyanya akipanda mche, ya mvuvi akitengeneza wavu, au ya ua uliovunjwa na ndovu usiku, ikipigwa kwa makusudi na ikaandikiwa maelezo kwa Kiswahili sanifu, itajibu swali lililo katika anwani ya makala haya kuliko uhakiki wowote. Tusipozipiga sisi, watoto wetu wataendelea kuiona nchi yao katika kalenda, na ndani yake hawatajiona.

Maswali ya Mjadala

1. Eleza tofauti ya mtazamo iliyomo katika maneno *maumbile*, *mazingira* na *maliasili*. Ni lipi linalofaa zaidi kuzungumzia picha za *The Day May Break*? Toa sababu.

2. "Picha iliyounganishwa kutoka nyakati mbili ni uongo." Jadili kauli hii kwa kurejelea *This Empty World*.

3. Chagua picha moja ya maumbile iliyoko katika kalenda au kadi ya posta. Bainisha ni nani au ni nini kilichoachwa nje ya fremu, na ueleze athari ya kuachwa huko kwa mtazamaji.